MWEMBE WA UANI NI MALI, TUSIUKIMBILIE KWA SHOKA

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wenye nyumba, wapangaji na vijana wa Temeke na Kinondoni)



Nimetakiwa niseme habari za miti ya matunda katika mitaa yetu. Miti ni mingi na wakati ni mchache, kwa hiyo nimeonelea nishike mti mmoja tu, tena ule ambao hapana mtu hapa asiyeujua. Nao ni mwembe.

Najua wako watakaosema, "Mwembe nao wa kuhutubiwa? Tumezaliwa tumeukuta, na maembe tumeyala tangu hatujaota meno." Ni kweli. Lakini kitu ulichokizoea sana ndicho kinachopotea machoni pako bila wewe kushtuka. Mwembe twaujua kwa kivuli na kwa tunda. Kwa hesabu hatujaujua bado. Na mti usiohesabiwa ni rahisi kukatwa, kwa kuwa aukataye hudhani hakupoteza kitu. Basi leo nataka tukae tuufanyie hesabu yake, kisha kila mtu arudi kwake akautazame upya ule ulio uani mwake.

MITAA YETU IMEITWA KWA MITI

Kwanza, tutazame majina ya mahali tunapokaa. Hapa Temeke tuna Mwembe Yanga, na kule Magomeni kuna Mwembechai. Mkwajuni ni Kinondoni. Mianzini ni Mbagala. Kuna Mikocheni, kuna Mabibo, kuna Mnazi Mmoja katikati ya mji. Wazee waliotutangulia hawakuwa na vibao vya barabara wala namba za nyumba. Mtu aliyetaka kukutana na mwenzake alimwambia, "Nisubiri penye mwembe," na mwenzake akajua. Mti ulikuwa ndio anwani, ndio baraza, na mara nyingi ndio soko.

Hata leo mambo hayakubadilika sana. Tazameni penye mwembe mkubwa wowote katika mitaa hii. Chini yake mtamkuta fundi baiskeli, mtamkuta mama lishe na masufuria yake, vijana wa bodaboda wanangoja abiria, na wazee wanacheza bao. Hapana hata mmoja wao aliyelipa kodi ya paa. Paa lao ni mwembe. Na mwembe haupukutishi majani yake yote kwa mara moja kama msufi. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, hivyo jua la Januari na jua la Septemba yote mawili huyakinga.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: ni majina mangapi ya namna hii ambayo mti wake bado upo? Kuna mitaa ambayo jina limebaki na shina halipo. Tukiendelea hivi, wajukuu zetu watatuuliza Mkwajuni maana yake nini, nasi tutawaonyesha ukuta.

MGENI ALIYEKUWA MWENYEJI

Mwembe asili yake si kwetu. Ulitoka Bara Hindi na nchi jirani za mashariki yake, na huko watu wameupanda kwa maelfu ya miaka. Uhindi hata leo ndiyo nchi inayotoa maembe mengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Jina letu "embe" lenyewe ni ndugu wa jina lao "amba". Mti huo ulikuja na upepo wa kaskazi katika biashara ya majahazi.

Lakini ni mgeni wa zamani sana. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu katika mwaka 1331 alikaribishwa wali, na pamoja na wali aliletewa achari za ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kwa hiyo achari ya embe tunayoila leo na pilau ililiwa katika pwani hii karibu miaka 700 iliyopita, kabla Mreno hajaiona bahari yetu.

Kutoka pwani mwembe uliingia bara kwa miguu ya wapagazi. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora hata Ujiji ilikuwa na miembe, na mingine ingali inasimama. Pale Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone katika mwaka 1871, wageni mpaka leo huonyeshwa miembe. Watu waliopita katika njia ile walipita na mizigo vichwani, na wengine walipita na minyororo shingoni. Biashara ile imekufa na minyororo imeoza. Miembe iko, inalisha watoto wa watu ambao hawakuipanda. Hili ndilo jambo la kwanza la kutia katika hesabu yetu: mwembe wenye afya waweza kuzaa hata zaidi ya miaka 100. Ni mali gani nyingine mwaweza kuinunua kwa bei ya mche, nayo ikafika kwa kitukuu?

KWA NINI UNAKATWA

Sitaki kuwadanganya kwamba wanaokata miembe ni watu wabaya. La hasha. Wana sababu, na sababu zao yatupasa tuzijue.

Katika mwaka 1957 mji wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 128,742. Katika hesabu ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Watu hawa wote wanataka mahali pa kulala. Sehemu ambazo zilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na miembe zimekuwa viwanja, na viwanja vimegawanywa, na vilivyogawanywa vimegawanywa tena. Mwenye nyumba anautazama mwembe ulio uani, anapima kwa macho, anaona vyumba viwili vya kupangisha. Chumba huleta kodi kila mwezi. Mwembe huleta mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hupumzika. Hapo hapo anatokea mtu wa kuni za matanuri ya mikate, au wa mbao, anatoa fedha taslimu. Jioni mti uko chini.

Sababu ya pili inatoka katika desturi zetu wenyewe. Hapa pwani, tangu zamani, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mtu mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Mti wa kudumu umekuwa kama hati: ushahidi kwamba mtu fulani alikaa hapa, akalima hapa. Na hata sasa, ardhi inapotwaliwa kwa barabara au kazi nyingine ya umma, wathamini huhesabu miti ya kudumu katika fidia. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba akimwona mpangaji anachimba shimo la mwembe, moyo wake unashtuka: "Huyu anataka nini katika kiwanja changu?" Humkataza. Basi mwenye kiwanja anakata, na asiye na kiwanja anakatazwa kupanda. Kati ya hao wawili, mtaa unabaki na jua.

Na jua hilo, ndugu zangu, sote twalijua. Nyumba ya bati isiyo na mti saa nane ya mchana katika mwezi wa Februari hailaliki. Mtoto mchanga analia, mgonjwa anahangaika, mwenye umeme anawasha feni na kulipa, asiye nao anatoka nje kutafuta kivuli, na kivuli tumekikata. Hivyo katika ile hesabu ya vyumba viwili, ongezeni joto la vyumba vingine vyote. Mwenye nyumba alilipata la vyumba viwili, lakini wapangaji wake wote wamepoteza.

MALI ILIYOMO NDANI YA MTI

Tuhesabu sasa faida, moja baada ya moja.

Tunda kwanza. Embe bivu lina vitamini A, inayolinda macho, na vitamini C. Embe bichi si hasara: hukatwa vipande likaliwa kwa chumvi na pilipili, hutiwa katika mchuzi wa samaki badala ya ndimu, huanikwa, na hufanywa achari. Msimu wetu unaanza kama mwezi wa Novemba hata Februari, na wakati huo maembe hujaa Kariakoo, Buguruni, Temeke Stereo na Mabibo, bei ikaanguka mpaka mengine yakatupwa. Hapo ndipo mama mwenye chungu cha achari, au mwenye chekeche la kuanikia vipande, anapopata faida, kwa sababu ananunua wakati embe halina bei na anauza wakati halipo. Viwanda navyo vyataka maembe. Kiwanda cha juisi kilichoko Mwandege, Mkuranga, si mbali na Mbagala.

Mbao ni ya pili. Mbao ya mwembe haishindani na mninga wala mvule. Ikikaa mvuani huoza, na dumuzi huipenda. Mti ukiangushwa, yafaa upasuliwe upesi na mbao zikaushwe vizuri, kama sivyo huingia ukungu na madoa. Lakini ndani ya nyumba, ikiwa imekaushwa na kutiwa dawa, ni mbao nzuri ya rangi ya kijivu na kahawia: makasha, viti, meza na milango. Huko Uhindi miembe iliyozeeka isiyozaa hufanywa samani zinazouzwa nchi za nje. Na sisi watu wa pwani tuna kazi yetu ya kale: shina kubwa la mwembe huchongwa mtumbwi, na mtumbwi ukitiwa mbawa zake huwa ngalawa. Ngalawa nyingi mnazoziona zikitoka kuvua zilikuwa miembe. Kwa hiyo mti uliokwisha zaa maisha yake yote haukosi kazi. Kosa ni kuupeleka kwenye tanuri mti ambao bado unazaa.

Faida ya tatu nimekwisha kuitaja, ni kivuli. Na ya nne ni udongo: majani yanayoanguka, yakikusanywa katika shimo na takataka za jikoni na kutiliwa maji, baada ya miezi kadhaa yanakuwa mbolea ya mchicha. Sisi twayafagia na kuyachoma moto, kisha twaenda kununua mbolea.

MWEMBE MZEE USIKATWE, UBADILISHWE

Nafika katika jambo ambalo ndilo hasa lililonileta hapa. Watu wengi husema, "Mwembe wangu ni mkubwa, matunda yake ni madogo ya nyuzi nyuzi, hayana bei, unaniangushia matawi juu ya bati. Nifanye nini nao kama si kuukata?" Jibu ni kwamba mti huo waweza kubadilishwa ukawa dodo, au boribo kama yale ya Muyuni, Unguja, au aina yoyote unayoitaka, bila kung'oa shina. Kazi hiyo inaitwa kubebesha, na kwa mti mzee hufanywa hivi.

Mavuno yakisha kwisha, matawi makubwa hukatwa yakabaki vigogo. Usiyakate yote, bakiza tawi moja lenye majani, liwe la kuulisha mti wakati unapona. Vigogo na magome yaliyozoea kivuli vipakwe chokaa, visiunguzwe na jua. Kazi hii ya kukata matawi makubwa apewe mtu aliyeizoea, mwenye kamba, maana tawi la mwembe likianguka vibaya litaingia chumbani kwa jirani.

Baada ya mwezi mmoja au miwili vigogo vitatoa machipukizi mengi. Punguza, uache mawili au matatu yenye nguvu katika kila kigogo. Yakifika unene wa penseli, yanabebeshwa. Utakwenda kwenye mwembe mzuri unaoujua kwa tunda lake, ukate vikonyo: ncha za matawi zilizokomaa, zenye macho yaliyo tayari kuchipua, urefu wa kidole kirefu au kuzidi kidogo, unene sawa na lile chipukizi. Ukiweza, vua majani ya ncha hizo siku saba hata kumi kabla ya kukata, macho yake yatavimba. Chipukizi hukatwa kichwa, likapasuliwa katikati kwa kisu kikali. Kikonyo huchongwa kama kabari, kikachomekwa ndani ya ule mpasuko. Siri yote iko hapa: ganda la kikonyo na ganda la chipukizi yagusane sawasawa, walau upande mmoja. Kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni, kikafunikwa na kijifuko kisikauke. Baada ya wiki tatu au nne kikonyo kilichoshika kitachipua. Vikishashika vya kutosha, lile tawi la kulisha nalo huondolewa.

Mti ule una mizizi ya miaka mingi iliyokwenda chini sana kutafuta maji, hivyo hukua kwa nguvu kuliko mche wowote. Baada ya miaka miwili au mitatu utaanza kukupa matunda ya aina mpya, na utakuwa mfupi, wa kuchumwa kwa ngazi, usiotishia bati la mtu. Mwenye kuukata na kupanda mche wa kokwa angengoja miaka mitano hata minane.

Vijana mnaosema hapana kazi, nisikilizeni. Mtu mwenye kisu kikali, utepe na mkono uliozoea aweza kupita mtaa kwa mtaa akibebesha miembe ya watu kwa malipo. Kazi hii haitaki mtaji mkubwa. Inataka mazoezi, na mazoezi ni juu ya miche yako mwenyewe kwanza, siyo juu ya mwembe wa mzee wa watu.

KUPANDA MPYA KATIKA KIWANJA KIDOGO

Mwenye kutaka kupanda upya, afuate mambo haya.

Kokwa ya embe haiwekwi akiba kama mahindi; hufa upesi. Ichukue katika tunda bivu, isafishe, uipasue ganda lake kwa uangalifu bila kuumiza kiini, uioteshe katika wiki hizo hizo. Itaota baada ya wiki mbili hata nne. Kokwa nyingine hutoa miche mingi kwa pamoja, na mingi kati ya hiyo hufanana na mama yake. Nyingine hutoa mche mmoja tu, na huo haufanani na mama: utapanda dodo ukavuna usichokijua. Kwa hiyo njia ya hakika ni mche uliobebeshwa, nao huzaa baada ya miaka mitatu au minne. Ukiununua kwa wauza miche walioko kando ya barabara, tazama kovu la kubebeshea: liwe limefunga vizuri, na machipukizi yatokayo chini ya kovu uyaondoe, maana hayo ni ya shina la kienyeji, yatameza lile jema.

Shimo liwe na sentimita 60 kila upande na sentimita 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka mbali na wa chini. Wa juu uchanganye na samadi iliyooza, madebe mawili, urudishe. Panda mwanzo wa masika. Mti uwe mbali na ukuta mita tano au zaidi, usiwe juu ya shimo la choo, wala chini ya nyaya za umeme, la sivyo watu wa umeme watakuja kuupogoa kwa namna usiyoipenda. Katika shamba miembe mikubwa hupewa mita 10 kati ya mti na mti. Uani hapana nafasi hiyo; hivyo mti ukatwe ncha ukiwa mdogo ili utoe matawi ya pembeni, na kila mwaka baada ya mavuno upunguzwe, ukae katika kimo cha mita tatu au nne. Kiangazi cha kwanza na cha pili umwagilie. Maua ya mwanzo uyatoe. Mtoto asibebeshwe mzigo wa mtu mzima.

ADUI WA EMBE

Maua ya pwani hutoka zaidi wakati wa kipupwe, Juni hata Agosti. Yakionekana kama yamemwagiwa unga mweupe, huo ni ubwiriunga, ugonjwa ule ule unaojulikana kwa wakulima wa mikorosho, maana mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja. Salfa huuzuia. Madoa meusi juu ya maua na matunda wakati wa unyevu ni chule; dawa za shaba hutumika, lakini dawa ya kwanza ni kupunguza matawi upepo upite.

Adui mkubwa kuliko wote siku hizi ni nzi wa matunda. Aina mpya kali iliyotoka Asia iligunduliwa Kenya katika mwaka 2003, ikaenea upesi katika Afrika. Nzi huyu hutoboa embe, hutaga mayai, na mayai huwa funza. Watu huyaacha maembe yaliyoanguka yaoze chini ya mti, na hapo ndipo funza hugeuka nzi wapya. Basi okoteni kila siku yaliyoanguka, yafukieni chini sana, au yafungeni katika mfuko mweusi wa plastiki muuweke juani mpaka funza wafe. Jambo hili halimfai mtu mmoja. Ukiokota wewe na jirani haokoti, nzi wake watakuja kwako. Hawajui mpaka wa kiwanja.

Na yuko askari ambaye twamfukuza bure: chungu maji moto, yule mwekundu anayeshona majani kufanya nyumba. Anauma, ni kweli, na mchumaji humchukia. Lakini mti wenye maji moto nzi huuogopa, na baadhi ya wadudu wafyonzao utomvu wa machipukizi huliwa. Usimchome moto.

Tena tuache desturi ya kupiga maembe kwa mawe. Husemwa mti wenye matunda ndio upigwao mawe, lakini embe lililopigwa haliuziki, na jiwe halichagui kichwa. Chumeni kwa mfuko uliofungwa kwenye upondo, na tunda lishuke na kikonyo chake kifupi, maana utomvu unaochuruzika huchoma ngozi ya tunda, na hata ngozi ya mtu.

MWENYE NYUMBA NA MPANGAJI WAPATANE

Nimesema kwamba mwenye nyumba humwogopa mpangaji anayepanda mti. Hofu hii haiondoki kwa kulaumiana, bali kwa maandishi. Waandikiane karatasi fupi mbele ya mjumbe au katika ofisi ya serikali ya mtaa: mti ni wa mwenye kiwanja, mpangaji hana dai juu ya ardhi kwa sababu ya mti huo, mpangaji ataumwagilia na kuutunza, na muda atakaokaa hapo atapata sehemu ya matunda yake waliyopatana. Mstari mmoja kila upande watosha. Mwenye nyumba amepata mti bila jasho, mpangaji amepata kivuli na matunda, na hapana kesi.

Na kwa miembe mikubwa iliyo kando ya barabara, penye viwanja vya mpira na vya mikutano, hiyo ni ya mtaa. Nashauri kila mtaa uiandike katika daftari: iko mingapi, iko wapi, nani anaitazama. Kisha iwe sheria yetu wenyewe kwamba mti wa mtaa haukatwi mpaka jambo hilo limesemwa mbele ya wakazi, na sababu imesikiwa, na mahali pa kupanda mwingine pameonyeshwa. Mwingine ni mgonjwa, umeoza ndani, utaua watu. Huo ukatwe, na shina lake lipewe mchonga ngalawa au fundi seremala. Lakini tusikubali kuamka asubuhi tukakuta kisiki.

Ndugu zangu, sikuja kuwaomba msijenge. Jengeni, watu wanataka nyumba. Neno langu ni kwamba kabla ya shoka, jaribuni kisu cha kubebeshea. Kabla ya kuuza mti kwa kuni, uulizeni una miaka mingapi iliyobaki ya kuzaa. Mavuno ya msimu huu yakiisha, kila mwenye mwembe mzee na amwite jirani yake mmoja, wabebeshe matawi matatu tu kwa kujaribu. Na masika yakianza, kila nyumba isiyo na mti, hata iwe ya wapangaji watupu, ichimbe shimo moja.

Nimemaliza. Mwenye swali asimame aulize, na wenye visu watabaki hapa chini ya mti tuanze mazoezi.